Farasi wa Betri Mbovu

Mutanga Sud, Jumamosi 12 Agosti 1995

Bwana Aboubacar,

Salamu zitafuata, kwanza malalamiko. Mpwa wako Houda ameniletea karatasi yako jana. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na bado damu inanichemka. Unasema kikosi changu cha tatu kimerudi nyuma kwa sababu umepata tatu. Zamu iliyopita ulipata tatu. Iliyotangulia ulipata tatu. Nikamuuliza mpwa wako kwa upole kabisa: mjomba anarusha dadu gani isiyojua namba nyingine? Binti akacheka. "Apana dadu, tonton. Anarushaka bifuniko bya Fanta."

Vifuniko vya Fanta!

Miaka kumi na sita tumepigana vita vya vinyago kwenye meza yangu ya kulia chakula, kila Jumamosi, mimi na Wafaransa wangu niliorithishwa na yule mwalimu mzungu aliporudi kwao, wewe na Waturuki wako uliowamimina mwenyewe kwa madini ya risasi ya betri mbovu za magari. Najua dini yako haikuruhusu kugusa dadu, na nimeiheshimu. Ndiyo maana siku zote mke wangu Adélaïde ndiye aliyekurushia, na wewe ukatazama dirishani kama mtu anayesubiri mvua. Lakini tangu Machi, tangu mauaji yaliyotokea mtaani kwenu, wewe huwezi kupanda huku wala mimi kushuka huko. Tukakubaliana kila mtu apange meza yake kwake, sawasawa na ya mwenzake, na zamu ziende kwa barua mkononi mwa Houda anapokwenda kazini hospitali. Tukakubaliana utafute mtu wa kukurushia dadu. Soda haikutajwa.

Umefikiri mimi sitapiga hesabu? Nimetafuta vifuniko sita nikavirusha mchana kutwa, nikihesabu vilivyolala kifudifudi kama unavyofanya wewe. Tatu, tatu, mbili, nne, tatu. Moja ni nadra na sita ni muujiza. Kwa hiyo askari wako hawashindi sana wala hawashindwi sana. Wanaingia vitani kama watumishi wa wizara wanavyoingia ofisini: wanafika, wanakaa, wanarudi nyumbani, hakuna aliyekufa na hakuna aliyefanya kazi. Huo si ushujaa, na mimi naujua vizuri kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Nadai zamu tatu za mwisho zirudiwe.

Msalimie Mwanne. Sisi ni wazima na mtaa umetulia.

Melchior


Buyenzi, Alhamisi 17 Agosti 1995

Kwako Melchior, mkuu wa majeshi ya sebuleni,

Zamu hazirudiwi. Ningekujibu kwa neno hilo moja tu, lakini umenichokoza.

Mtu wa kunirushia dadu nimtoe wapi? Nilimuomba Mwanne. Unajua alivyonijibu? "Dadu mu nyumba yangu? Apana. Ukiileta, utalala nayo inje." Nimekaa na mke huyu miaka ishirini na mbili, sitamwacha kwa ajili ya kikosi chako cha tatu. Vifuniko vya soda havina dhambi, nimeuliza, na vinahesabika. Vikikupa tatu kila mara, shika tatu yako unyamaze.

Tena wewe ndiye wa kuzungumzia haki? Wewe unayepima kwa rula kwanza, kimyakimya, ukijifanya unaokota kitu, halafu ndipo unatangaza kwamba utashambulia? Wewe uliyempa kila askari jina la ubatizo? Nakumbuka yule mpiga tarumbeta wako alipouawa mwaka wa themanini na saba, ulinuna mpaka Pasaka. Unawapaka vifungo vya koti watu wenye urefu wa kidole, vifungo ambavyo hata wao wenyewe hawavioni. Waturuki wangu nimewapaka kofia nyekundu kwa rangi ya kucha ya Mwanne, basi, yatosha, na wanapigana.

Na nani aliyenirudisha kutoka Kigoma, harusini kwa ndugu yangu, sahani ya pilau bado iko mkononi, kwa sababu "vita haviachwi katikati"? Kanuni hiyo uliitunga wewe. Ukaiandika kwa kalamu nyekundu: vita vinakwisha jenerali mmoja akikamatwa, na aliyeshindwa anaondoa jeshi lake uwanjani kichwa juu, bila aibu. Basi subiri vikwishe.

Uwanja wangu nimeupanga juu ya kaunta ya duka, maana siku hizi hakuna mteja wa kuiegemea. Zamu yangu hii hapa: farasi wote wamesimama ukingoni mwa lile tope la kushoto. Hawaingii. Farasi anakwenda sentimita thelathini kwa zamu, ndani ya tope kumi na tano tu, na jenerali wako ana bunduki zote zinazotazama huku. Mimi si mjinga.

Duka linaenda. Sote wazima.

Aboubacar


Mutanga Sud, Alhamisi 14 Septemba 1995

Shemeji Aboubacar,

Barua hii Melchior haijui. Nimempa Houda mwenyewe, nikamwambia aitie ndani ya kiatu.

Najua kila wiki anakuandikia kwamba mtaa umetulia. Haujatulia. Bwana Jovithe, wa geti la tatu kutoka letu, yule aliyekuwa akija kuwatazama mkicheza na kuuliza nani ni nani, ameuawa Jumapili mchana, akitoka misa, kitabu cha nyimbo mkononi. Kabla yake wengine wawili, nyuma ya kampasi. Wote watu wa wizara ileile ya Melchior. Najua hakukuambia, kwa sababu nimeona barua yake ya wiki hii kabla hajaifunga: kurasa nne, zote kuhusu vifuniko vya Fanta.

Kaka yangu aliye Nairobi ametupatia nafasi za ndege, mimi, Melchior na mwanetu Gaël. Nimemwambia mume wangu tuondoke. Unajua amenijibu nini? Anasema vita haviachwi katikati. Shemeji, nimeolewa na mtu mzima, ana mvi, ana shahada, na anakataa kuokoa roho yake kwa sababu Waturuki wako karibu na mto. Na ule mto ni kitenge changu cha buluu! Tangu Machi sijakivaa.

Nilipolia, akasema ukweli kidogo. Akasema: "Nikitoka leo, watasema nimekimbia. Sijawahi kukimbia." Ndilo linalomshika. Vita vyenu ni kisingizio tu, lakini amekishika kwa mikono miwili na mimi siwezi kumbandua.

Kwa hiyo nakuomba, maliza. Nadhani njia ya haraka ni umwache ashinde. Atafurahi, atapiga makofi, nami nitafunga masanduku kabla hajageuka. Nakuomba kama dada.

Adélaïde, Mama Gaël


Buyenzi, Jumamosi 16 Septemba 1995

Mama Gaël,

Nimesoma barua yako nikakaa chini. Jovithe? Alikuwa akiniletea karanga. Nimekasirika na watu wa mitaa yenu na ya kwetu, na huyo mume wako nimemkasirikia kuliko wote. Wiki tano ananitukana kwa ajili ya soda huku anazika majirani!

Sasa na wewe unaniomba nishindwe. Kwa makusudi. Shemeji, unajua unachoniomba? Kuna watu wanaomuomba rafiki gari, wengine wanamuomba figo. Miaka kumi na sita sijampa huyo mtu hata sentimita moja ambayo hakuipigania, na ndiyo maana tumebaki marafiki. Afadhali ungeniomba duka.

Nitafanya. Usimwambie.

Aboubacar


Buyenzi, Jumanne 19 Septemba 1995

Melchior,

Zamu yangu ni hii. Mizinga yangu minne nimeishusha kilimani nikaiweka katikati ya tope. Wapanda farasi wote wameshuka migongoni, wapumzike. Walinzi wa jenerali wangu nimewatuma kuchota maji. Jenerali amebaki peke yake kwenye mlima wa mito ya kochi, anatazama mandhari.

Nadhani ni mpango mzuri. Fanya utakavyo.

Aboubacar


Mutanga Sud, Jumamosi 23 Septemba 1995

Aboubacar,

Sijawahi kutukanwa hivi katika maisha yangu.

Nianze na Houda, maana yeye ndiye aliyelipa kwanza. Kwenye barieri ya chini askari wa kizuizi wamemsimamisha, wakapekua mkoba, wakaikuta barua yako. Askari akaisoma akaruka. "Mizinga ine? Farasi? Jenerali iko peke yake ku mulima? We binti, hii ni vita gani? Jenerali gani?" Binti amesimama juani mikono juu, anaeleza kwamba ni wazee wawili, kwamba ni vidude vya mezani, na hakuna anayemwamini. Wakamwita mkubwa wao. Mkubwa akasoma kuanzia juu hadi chini, akasoma tena, akamtazama Houda kwa huruma. "Huyu mutu wa Buyenzi, walimufunza wapi? Nani anawekaka mizinga mu matope?" Akatoa kalamu mfukoni, akaandika pembeni mwa barua yako, kwa herufi kubwa: KOSA KUBWA. Akamwachia binti aende zake.

Unaelewa? Mtu mwenye uwezo wa kumfunga mpwa wako alimhurumia kwa sababu ya ujinga wako. Ungecheza vizuri angekuwa ndani sasa hivi. Houda ameniambia baada ya hii bado barua moja tu, zaidi ya hapo hataki, na simlaumu.

Sasa mimi na wewe. Uliwatuma walinzi kuchota maji! Waturuki wa madini! Unanionea huruma. Hata yule askari wa barieri, ambaye hajawahi kuiona meza yetu, ameliona hilo. Kwani mimi ni nani, mtoto wa kupewa peremende? Nani amekutuma? Kama ni yule ninayemfikiria, mwambie nimeelewa, na jibu langu ni lilelile.

Naukataa ushindi huu. Jenerali wako sikumkamata, nimempita kando. Rudisha mizinga yako kilimani, pandisha watu wako farasi, upigane kama mwanamume. Mimi sitoki hapa kwa zawadi.

Melchior


Mutanga Sud, Jumanne 26 Septemba 1995

Shemeji,

Nimempata mtu mwingine wa kukuletea hii, Houda nimemwachia nafasi yake moja iliyobaki.

Ndege ni Jumatano ya wiki ijayo, tarehe nne. Baada ya hiyo kaka hana uwezo wa kupata nyingine.

Leo mchana gari limesimama mbele ya geti letu. Dereva amemwita Gaël kwa jina, akamuuliza baba anarudi saa ngapi, na anapenda kukaa chumba gani. Amemuuliza akitabasamu. Gaël ana miaka tisa, akajibu.

Nimemwambia Melchior. Ameketi mbele ya meza yake tangu saa hiyo. Hali chakula, anapanga askari.

Sijui tena la kukuomba. Kushindwa umejaribu.

Adélaïde


Buyenzi, Jumamosi 30 Septemba 1995

Melchior,

Umetaka vita, basi chukua.

Mizinga nimeirudisha kilimani kama ulivyoamuru. Watu wamepanda farasi. Nimechukia tangu barua yako ifike, Mwanne ni shahidi, nimekataa chakula mara mbili. Kuniita mimi mtoa peremende! Mimi!

Hii ndiyo zamu yangu. Farasi wangu wote hamsini wameingia kwenye tope la kushoto, wamelipita lote kwa mwendo mmoja, wametokea nyuma ya hema lako, upande ambao hukuweka hata mpishi mwenye mwiko. Jenerali wako amekamatwa akiwa na buti moja mguuni. Nimepima. Usiniambie habari za kupima, nimeshika rula tangu hujajua kushika dadu.

Vita vimekwisha, umeshindwa. Sikukuachia kitu na sikukuonea huruma, nimekupiga. Na sasa nakukumbusha kanuni yako uliyoiandika kwa kalamu nyekundu, ile uliyonirudisha nayo kutoka Kigoma na pilau mkononi: aliyeshindwa anaondoa jeshi lake uwanjani, kichwa juu, bila aibu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba amekimbia. Ni amri, na wewe ni mtu wa kanuni, umenisumbua nazo miaka kumi na sita.

Ondoka uwanjani, Melchior. Kunja mto umrudishie mwenyewe. Una mpaka Jumatano.

Barua hii ni ya mwisho ya Houda. Usiijibu.

Aboubacar


Nairobi, Jumamosi 21 Oktoba 1995

Aboubacar, mwizi wewe,

Nimengoja nitulie ndipo niandike. Sikutulia.

Ulidhani sikuona? Nilifungua barua yako nikachukua rula ya shule ya Gaël. Kutoka ukingo wa tope mpaka hemani kwangu ni sentimita ishirini na nane, zote tope. Farasi ndani ya tope ni kumi na tano. Umeniandikia hivyo kwa mkono wako mwenyewe mwezi wa nane, "mimi si mjinga", barua ninayo! Farasi wako walitakiwa walale katikati ya matope zamu nzima, na mimi na bunduki zangu zote ningewafyeka mpaka wa mwisho. Ningeshinda. Ningeshinda vita vikubwa kuliko vyote tulivyopigana, kihalali.

Nilikaa nikakuandikia kurasa nane. Zilikuwa kali, ningependa uzisome. Nilipomaliza nikainua kichwa nikamwona Adélaïde amesimama mlangoni, anautazama ule mto. Sikujua amesimama pale tangu lini. Nikazikunja kurasa nane nikazitia mfukoni. Nikasema: "Tumeshindwa. Funga masanduku." Ni mara ya kwanza katika ndoa yetu nimesema neno hilo, na mke wangu alinishika kichwa kama mtoto mwenye homa.

Jeshi langu nimeliacha mezani kama lilivyokuwa. Sikuwa na moyo wa kuligusa.

Hapa tunakaa kwa shemeji, chumba kimoja, watu watatu na masanduku. Meza hakuna. Gaël anajifunza kutukana kwa Kiswahili cha hapa. Kazi nangojea. Nakula chakula cha mtu, nalala kitandani kwa mtu, na kila nikifumba macho naona farasi wako wakipaa juu ya matope kama malaika, na hasira inanipanda upya. Nina haki ya jambo moja tu katika dunia hii na ninalidai: sema ulidanganya. Andika. Neno moja.

Melchior


Buyenzi, Jumatatu 6 Novemba 1995

Melchior,

Uliona! Uliona, ukanyamaza!

Mimi tangu tarehe thelathini Septemba sijalala vizuri. Nimesimama msikitini nyuma ya watu kama mgeni. Mwanne amenipikia maharage, amenipikia kuku, akaniuliza kama nina mwanamke mwingine. Mimi, mtu ambaye hajaiba sentimita tangu azaliwe, nilidhani nimebeba mzigo huu peke yangu, kumbe wewe ulikuwa umepima kwa rula ya mtoto na kujua kila kitu! Ungeniambia siku ileile ningepumzika. Mtu anayeona wizi akaufungia mfukoni kurasa nane ni nani, kama si mwenzake mwizi? Tena unathubutu kunidai.

Sasa nisikilize, nitaandika hili mara moja.

Houda amepita kwenu. Nilimkataza, akapita. Zamu, yule mlinzi wa nyumba ya jirani, amemweleza. Walikuja Ijumaa, tarehe sita Oktoba, saa nane mchana, watu sita. Walivunja geti. Walikutaja jina lako, jina lote na la baba yako. Hawakuuliza mahali, walikwenda moja kwa moja chumba cha mezani, wakapiga risasi kabla ya kufungua mlango vizuri. Mlango umetoboka, ukuta umetoboka, kiti chako hakina mgongo. Askari wako wametapakaa sakafuni mpaka uani. Houda aliokota wanne, ninao.

Ijumaa, Melchior. Wewe uliondoka Jumatano.

Mwanne aliposikia alikaa sakafuni dukani, akaniuliza nikwambie au nisikwambie. Nikasema nitakwambia, kwa sababu najua huko uliko unahesabu sentimita.

Unataka niandike kwamba nilidanganya. Sitaandika. Tope ni la mezani kwangu, farasi niliwamimina mimi, rula ni yangu. Mbele ya Mungu nitajibu mwenyewe, na nina maneno yangu tayari. Mbele yako sijibu kitu. Farasi wangu walipita.

Aboubacar